Tela la Kwenda Kondoa

Mwanne binti Shaibu alikuwa fundi wa ngozi na turubai pale Kizota, Dodoma, na watu wa Kizota walimjua kwa mambo mawili: mshono wake haufumuki, na safari hapendi. Wenye malori walimletea maturubai yaliyochanika, wenye baiskeli walimletea viti vya kuvisha upya, na kila walipomuuliza mbona haendi hata Singida kuwaona ndugu zake, alijibu kwamba cherehani haina miguu. Watu wakacheka, yakaishia hapo.

Ufundi huo aliurithi kwa baba yake. Shaibu alikuwa mtu wa mjini, wa zile koo zilizoachwa Dodoma na misafara ya zamani, na maisha yake yote alishona shogi na matandiko ya punda. Mwanne alipokuwa msichana alikaa miguuni pake akipaka uzi nta. Baadaye akaajiriwa katika kiwanda cha umma cha viatu na mikoba, akakaa huko mpaka kiwanda kikaanza kuyumba. Mara umeme hakuna, mara ngozi hazijafika, mwisho hata mshahara ukawa wa kubahatisha. Zikaja enzi za ruksa. Kila mtu akaambiwa afanye biashara apendayo, malori ya watu binafsi yakajaa barabarani, viatu vya mitumba vikamwagwa sokoni kama mahindi, na kiwanda kikafunga milango. Wenzake walilia. Mwanne naye alilia, ila siku kiwanda kilipouza vifaa vyake alikwenda akachukua cherehani moja kuukuu ya kushonea ngozi, akaileta Kizota, akaiweka chini ya bati la karakana ya Sila, mchomeleaji vyuma.

Ni huyo Sila aliyeleta habari za farasi.

"Bi Mwanne," alisema asubuhi moja ya kipupwe, vumbi likizunguka uwanjani, "yule daktari wa mifugo wa Ihumwa, yule Mzungu, anataka nimtengenezee tela. Tela la farasi."

"Farasi apakiwe kwenye tela? Kwani hana miguu?"

"Ndivyo nilivyomuuliza na mimi. Ameniambia huwezi kujua nani atachoka kabla hamjafika. Na anatafuta mtu wa kumshonea mifuko ya kutundika ndani, na wa kumtazamia matandiko. Nimemwambia mtu huyo ninaye, ananidai nafasi kila siku hapa."

Daktari Hanna alikuwa mwanamke wa Denmaki aliyekuja Dodoma na mradi wa mifugo. Ranchi moja ya serikali ilipoanza kuuza mali zake, alinunua farasi watatu waliokuwa wakitumiwa kuswagia ng'ombe, na pamoja nao akamchukua Obedi, Mgogo aliyewalea farasi hao tangu wakiwa watoto. Sasa yeye na rafiki zake wawili walitaka kupanda farasi kutoka Ihumwa mpaka Babati, siku kadhaa porini, si kwa mashindano wala kwa mshahara, kwa mapenzi yao tu. Obedi angeendesha Landrova likikokota tela kwa njia ya magari, akutane nao jioni kambini. Tela lingebeba majani, pumba, maji, dawa na vifaa, na humohumo nafasi iwepo ya kumpakia farasi atakayeshindwa.

Mwanne alishona mifuko kwa turubai zito la kijani. Sila alipomaliza kuchomelea, tela likapelekwa Ihumwa, na Mwanne akaenda nalo ili aitundike mifuko yake. Hapo ndipo alipowaona farasi kwa karibu kwa mara ya kwanza.

"Mbukwa," Obedi alimsalimia kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Karibu, dada. Usiogope. Huyu mwekundu ni Shaba. Huyu anaitwa Karani, kwa sababu anatikisa kichwa kila unachomwambia na hafanyi. Na huyu mweupe, jike, ni Mvula. Alizaliwa siku mvua ilipogoma kunyesha, nikamwita hivyo ili tuikumbushe."

"Ikanyesha?"

"Mwaka uliofuata."

Mwanne akacheka. Alimpenda Obedi kuanzia hapo, jinsi mtu anavyompenda fundi mwenzake.

Mifuko ilipokwisha tundikwa, Daktari Hanna alimwomba abaki awasaidie kufunga mizigo. Vitu vilikuwa vimetandazwa uani vyote: marobota ya majani makavu, magunia ya pumba na mashudu ya alizeti, mapipa ya maji, chumvi ya mawe, ndoo, kamba, viatu vya chuma vya farasi na misumari yake, dawa za mbung'o, mahema, masufuria, matandiko ya akiba. Mwanne alivizunguka vitu hivyo mara mbili. Baba yake alikuwa na neno moja juu ya mizigo, nalo alilisema wakati wa chakula kana kwamba ni sehemu ya dua: mzigo hufungwa kuanzia mwisho wa safari. Kitakachohitajiwa siku ya mwisho kiingie kwanza, kikae chini kabisa. Kitakachohitajiwa leo kiingie mwisho, kikae mlangoni. Kwa hiyo mfungaji lazima aijue njia nzima kabla hajanyanyua hata kamba.

"Niambie njia," akamwambia Daktari Hanna.

Yule mwanamke alichuchumaa akachora mchangani kwa fimbo. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani, kila neno limenyooka. "Siku ya kwanza tutalala karibu na Makutupora. Halafu Mayamaya. Halafu tutapita vilima vya Chenene. Hapa ni Kondoa. Tutapumzika Kondoa siku mbili, farasi wapate nguvu. Halafu Kolo, Bereko, mpaka Babati."

"Kondoa," Mwanne alirudia.

"Ndiyo. Unapafahamu?"

"Nimepasikia."

Akainuka, akaanza kupakia. Vitu vya Babati viliingia kwanza, vya Bereko vikafuata. Akafika kwenye vitu vya Kondoa. Akaweka gunia la pumba, akalitoa. Akaliweka upande wa pili, akalitoa tena. Obedi alikuwa akimpokeza vitu kutoka chini, akasubiri na ndoo mkononi.

"Halikai?" akauliza.

"Litakaa."

Hakuna aliyejua pale Ihumwa, na Kizota walijua wachache, kwamba Mwanne aliwahi kuolewa Kondoa. Alikuwa kigori tu Abdulnasiri, mfanyabiashara wa ngozi, alipomposa kwa Shaibu, wanaume wawili wa biashara moja wakakubaliana. Ndoa haikudumu. Hakukuwa na kisa kikubwa. Walikuwa watu wawili wasioelewana, na mmoja wao ndiye mwenye kauli. Talaka ilipotoka alirudi Dodoma na mwanawe mgongoni, jina lake Swalihu. Alimlea kwa baba yake mpaka mtoto akawa wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Ndipo Abdulnasiri akatuma ndugu yake aje amchukue. Mtoto ni wa baba, hilo halikuwa na mjadala, hata Shaibu hakulipinga. Mwanne mwenyewe ndiye aliyemfungia mzigo: kanzu mbili, kofia, karanga za kukaanga kwenye kitambaa, na kigari cha mabua alichokuwa akichezea. Alikifunga kimfuko hicho kwa mikono thabiti kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama.

Mwaka mmoja baadaye alikwenda Kondoa kumwona. Mlango ulifunguliwa na mke mpya, Bi Jaha. Hakumtukana. Alisimama tu mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Dada yangu, huyu mtoto ndiyo kwanza ameacha kulia. Ukimwona leo, kesho mimi naanza upya naye. Nakuomba." Mwanne akayapima maneno yale, akaona yana haki ndani yake. Akarudi alikotoka. Kwa muda aliwapa madereva wa malori nguo wampelekee, jibu halikuja, na mwisho nguo zenyewe akawa hajui azishone kwa kimo gani.

Alimaliza kupakia alasiri. Daktari Hanna alifurahi, kisha akamwambia jambo ambalo Mwanne alikuwa ameliona likija tangu asubuhi.

"Mama Mwanne, twende wote. Matandiko haya ni ya zamani. Yakikatika porini, nani atayashona?"

"Nina kazi za watu."

"Sila ameniambia kazi zako zinaweza kungoja."

"Sila na midomo yake!" alisema Mwanne, akajifunga kanga upya, akaaga.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, alimkuta mdogo wake, Khairat, akichagua dagaa kwenye ungo. Alimweleza habari nzima, na alipofika kwenye jina la Kondoa, Khairat aliusogeza ungo kando.

"Dada, nenda."

"Nikafanye nini? Ni mtu mzima sasa. Ana ndevu. Nimwambie mimi ni nani?"

"Umwambie jina lako. Hilo si unalo?"

"Na akinifukuza?"

Khairat alifikiri, maana hakuwa mtu wa kusema kitu ili kumfurahisha mtu. "Akikufukuza utakuwa umefukuzwa na yeye. Sasa hivi unafukuzwa na mtu usiyemjua."

Asubuhi Mwanne alirudi Ihumwa na kikapu cha sindano, nyuzi, nta na visu vya ngozi, na ndani ya mfuko nguo zake chache. Hakuchukua zawadi. Alikuwa ameamua moyoni kwamba Kondoa angekuwa na kazi nyingi za kushona, farasi watatu na matandiko yao, siku mbili zingepita akiwa ameinamisha kichwa. Hakumwambia mtu uamuzi huo.

Siku za kwanza zilikwenda kama walivyotaka. Wapanda farasi walishika vijia vya mashambani, kati ya mabua ya uwele uliokwisha kuvunwa, na Landrova likajikokota na tela lake barabarani, vumbi likiwafuata kama mkia. Obedi aliendesha polepole, akiyataja mashimo kabla hajayafikia. Walizungumza, kisha wakanyamaza, kisha wakazungumza tena. Obedi alikuwa na wasiwasi wake. Mradi wa daktari ulikuwa ukielekea mwisho, na alijua farasi hawatabaki Ihumwa.

"Ranchi ilipouzwa niliwafuata hawa," alisema. "Wakiuzwa tena, sijui kama nitafuata. Mke wangu amesema mtu hawezi kuhama nyuma ya kwato maisha yake yote."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema anasema kweli. Lakini ukimlea kiumbe tangu hajui kusimama, kichwa kinasema hiki na miguu inakwenda kule."

Mwanne aligeuka akatazama dirishani. Vilima vya Chenene vilikuwa vimeanza kujitokeza, vya buluu, na ng'ombe wa watu wakishuka kuelekea kisimani. Akajikuta amefungua mdomo.

"Kondoa nina mtoto," akasema.

Obedi hakugeuza kichwa. "Mdogo?"

"Ana miaka thelathini na kitu."

"Aa." Akakwepa shimo. "Basi tutafika."

Walikuwa wamepita Chenene Shaba aliposhindwa. Aliingia kambini na uvimbe mgongoni, pale tandiko linapokaa, na Daktari Hanna alipougusa, farasi akaubonyeza mgongo chini na kuguna. Pamba ya ndani ya tandiko ilikuwa imejikusanya mahali pamoja ikawa donge. Mwanne alilifumua tandiko, akalijaza upya, lakini mgongo ulikuwa umekwisha kuumia. Hapakuwa na njia ila Shaba apakiwe.

Sasa ile nafasi ya farasi ilikuwa imejaa marobota ya majani, kwa sababu siku ya kuondoka kila mmoja, Mwanne akiwemo, aliona ni heri majani yazidi kuliko yapungue. Ikabidi wayatoe. Waliyagawa katika boma la jirani, na mama mwenye boma aliyapokea akistaajabu, maana hajaona watu wanaosafirisha majani. Kumwingiza Shaba ndiyo ikawa kazi. Alipandisha miguu ya mbele, akairudisha. Obedi hakumvuta. Alipanda yeye ndani ya tela, akakaa juu ya gunia la pumba akimpa mgongo, akaanza kuimba kwa sauti ya puani wimbo wa kwao wa kuswagia ng'ombe. Alikaa vile mpaka wale rafiki wa daktari wakachoka kusimama. Mwishowe Shaba akapanda mwenyewe, akaweka pua begani pa Obedi.

"Mtangulie," Daktari Hanna aliwaambia. "Mfikisheni Kondoa apumzike. Sisi tutakuja na hawa wawili kesho, kwa kupokezana."

Hivyo ndivyo Mwanne alivyofika Kondoa mapema kuliko alivyojiandaa, pamoja na farasi mmoja mgonjwa ambaye tandiko lake lilikuwa limekwisha shonwa. Obedi aliegesha kando ya mto, chini ya mikuyu, akamshusha Shaba, akamwagia maji mgongoni. Mwanne alitafuta kitu cha kushona. Alikagua hatamu zote. Akakagua mifuko yake ya turubai mmoja mmoja. Hapakuwa na uzi uliolegea hata mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani alisikitika kwamba mshono wake haufumuki.

Obedi alisema, macho yake yakiwa kwa farasi, "Dada, huyu mimi namtosha."

Mwanne akaenda. Nyumba ya Abdulnasiri aliijua ilipo, ila mlangoni palikuwa na kufuli. Jirani alimwambia kwamba mzee Abdulnasiri alikwisha fariki siku nyingi, Bi Jaha alikwenda msibani Pahi, na Swalihu, kama ni Swalihu anamtafuta, ana duka lake sokoni, lenye mlango wa kijani.

Lilikuwa duka la siku hizi, limejaa vitu ambavyo zamani vilipangiwa foleni: sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia, betri, ndoo za plastiki zilizopachikwa moja ndani ya nyingine mpaka darini. Nyuma ya meza alisimama mwanamume mwembamba mwenye ndevu fupi, akipima mafuta ya taa kwa kopo. Alikuwa na paji la uso la Shaibu. Mwanne aliliona akasahau maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Karibu, mama. Nikupatie nini?"

"Kibiriti," alisema Mwanne.

Akapewa kibiriti. Akalipa, akatoka nje, akasimama juani nacho mkononi. Muuza vitunguu aliyekaa mbele ya duka alimtazama kwa udadisi. Mwanne akageuka akaingia tena.

"Wewe ndiye Swalihu wa Abdulnasiri?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Mwanne."

Yule mwanamume aliendelea kulifuta kopo kwa kitambaa, akalifuta nje, akalifuta ndani. "Mwanne wa Dodoma?"

"Wa Dodoma."

Alizunguka meza, akatoa kigoda, akakipangusa kwa kitambaa kilekile cha mafuta ya taa. "Kaa, mama," akasema. Mwanne akakaa. Neno hilo kila mwenye duka humwambia kila mwanamke anayeingia, na hakujua kwake limesemwa la namna gani.

"Niliambiwa uliolewa Tabora," Swalihu alisema.

"Sijaolewa tena. Tabora sijafika."

"Nilikungoja. Kila lori la Dodoma likisimama, nilikuwa nakimbilia. Nilipofika darasa la nne hivi nikaacha."

"Nilikuja mara moja. Wewe ulikuwa chuoni. Niliambiwa umeanza kutulia, nisikutibue."

"Ni mama Jaha aliyekwambia?"

"Ndiye. Hakusema kwa ubaya."

"Hakuniambia kwamba ulikuja."

Swalihu aliangalia mlango, kisha sakafu. "Ule mfuko ulionifungia," akasema, "sikuufungua. Nilifikiri nikiufungua ndiyo nimehamia. Nikiuacha umefungwa, utakuja kunichukua nao vilevile. Karanga zikaingia wadudu. Mama Jaha akaufungua yeye, akazitupa."

"Zilikuwa karanga nzuri," alisema Mwanne, kwa sababu ndilo neno pekee lililokuja.

Ndipo akaingia mteja, mzee mmoja mwenye fimbo, akawasabahi, akauliza mgeni ni nani. Swalihu alirudi nyuma ya meza. "Ni mgeni wangu kutoka Dodoma," akasema. Mwanne alilisikia neno hilo likipita, akalipokea. Lilikuwa neno la kweli.

Swalihu alimpeleka nyumbani kwake akale. Mkewe, Yusra, alikuwa mjamzito, mwanamke mchangamfu aliyemwamkia shikamoo na kumtandikia mkeka kabla hajaambiwa ni nani, na alipoambiwa akaenda jikoni akaongeza maji kwenye ugali. Swalihu alikula kimya. Hakumuuliza mengi. Alasiri ilipoadhiniwa, Mwanne aliaga, na Swalihu alimsindikiza mpaka kona, si zaidi.

Siku ya kuondoka Kondoa walikuwa wakipakia upya kando ya mto. Shaba alikuwa amepata nafuu lakini si ya kubeba mtu, kwa hiyo mzigo wote ulitakiwa upangwe kumzunguka yeye. Mwanne alikuwa ndani ya tela akielekeza pipa la maji liwekwe wapi aliposikia sauti nyuma yake.

"Pipa hilo lisiwekwe hapo."

Alikuwa Swalihu, amevaa kanzu ya kazi, mikono nyuma.

"Limekaa hapo tangu Dodoma," alisema Mwanne.

"Kutoka hapa kwenda Kolo ni mlima. Mimi nabeba mizigo njia hiyo kila mwezi. Maji yakirudi nyuma yataliinua Landrova mkia. Peleka mbele."

"Mbele yuko farasi."

"Basi farasi arudi nyuma."

"Farasi akikaa nyuma atarushwa kila shimo, na mgongo wake mbovu. Uzito ukae juu ya magurudumu. Babu yako alikuwa akifunga mizigo wewe hujazaliwa!"

"Babu alikuwa akifunga punda, mama. Hebu nisikilize japo mara moja!"

Sauti zao zilikuwa zimepanda. Daktari Hanna alisimama na hatamu mkononi akiwatazama, akidhani ni ugomvi. Obedi aligeukia upande wa Mvula, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwanne aliona kwamba Swalihu amekwisha kupandisha mikono ya kanzu na kwamba mguu wake mmoja uko juu ya tela. Akashika ukingo wa pipa.

"Haya, tuyapunguze maji," akasema hatimaye. "Nusu pipa. Bereko si kuna kisima?"

"Kipo. Kizuri."

Wakainamisha pipa wote wawili, maji yakamwagikia mchangani, yakailowesha kanzu ya Swalihu mpaka magotini. Akafunga kamba, akaijaribu kwa kuivuta, akaijaribu tena. Kisha akashuka, akampa Obedi mkono, na kwa Mwanne akasema tu, "Mkipita kurudi, piteni."

Walifika Babati salama, farasi wawili kwa miguu yao na mmoja kwa magurudumu. Walipopita kurudi, Swalihu alikuwa Arusha kufuata bidhaa. Mwanne alikaa na Yusra muda wa kunywa chai, akaondoka.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Mwaka uliofuata mradi ulifungwa na farasi wakauzwa kwa mtu wa Arusha. Obedi aliwapakia mwenyewe, akawasindikiza hadi huko, akakaa miezi miwili, kisha akarudi kwa mkewe. Tela lilirudi Kizota, likawa la kubebea matofali. Swalihu akaanza kupitia Dodoma kwa biashara ya ngozi na kulala Kikuyu, mgeni mkimya mwenye kutoa makosa kwenye kila kitu: paa linavuja, mlango haufungi, cherehani inataka mafuta. Mwanne alimjibu, wakabishana, Khairat akaingilia kati, wakala.

Yusra alipojifungua mtoto wa pili, baada ya yule aliyezaliwa mwaka wa farasi, Mwanne alipanda basi kwenda Kondoa kwenye akika. Jikoni alikuta nafasi moja tu kwenye mkeka wa wachagua mchele, na nafasi hiyo ilikuwa kando ya Bi Jaha. Macho ya Bi Jaha yalikuwa yamefifia. Alichagua mchele kwa ncha za vidole. Walifanya kazi pamoja kwa muda mrefu, ungo mmoja.

"Ni wewe?" Bi Jaha aliuliza mwishowe.

"Ni mimi."

"Siku ile ulipokuja nilikuwa msichana. Nilikuwa sijalea mtoto. Nilimwogopa yule mtoto kuliko nilivyokuogopa wewe."

"Nilikuelewa."

"Ulinielewa, lakini uliumia."

"Niliumia."

Bi Jaha alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kando. Nje, Swalihu alikuwa akiwafokea watu waliokuwa wakichanja kuni vibaya.

"Nilimlea sawasawa?" akauliza.

Mwanne aliisikiliza ile sauti ya nje, ya mtu asiyekubali jambo lolote liende ovyo. "Ulimlea," akasema. "Sema ana kelele."

"Kelele hizo ni zako," alisema Bi Jaha, na akausogeza ungo karibu zaidi na mgeni wake, pale mwanga ulipokuwa mzuri.